Lubumbashi: kabla ya kulipa gazi ya klimatizeri, osha kwanza filtri

Joto la mwezi wa tisa na wa kumi linaporudi katika mji wa Lubumbashi, simu za mafundi wa baridi hazinyamazi. Malalamiko ni yale yale: klimatizeri inazunguka, inakula umeme, lakini chumba hakipoi. Mara nyingi jibu linalotolewa ni moja tu: «gazi imekwisha». Mwenye nyumba anatoa feza, gazi inawekwa, na kiisha miezi michache anaanza tena kulalamika. Wakati huo wote, kitu cha kwanza cha kuangalia kilikuwa mbele ya macho yake, na hakilipishwi hata franka moja: ni filtri iliyojaa vumbi.

Klimatizeri, ile ambayo majirani wetu wa Tanzania wanaita kiyoyozi, si tena kitu cha hoteli na benki peke yake. Siku hizi inaonekana katika saloni za watu, katika vyumba vya kulala, katika maduka ya dawa na kwa wasusi wa nywele. Anayeiuza anamfundisha mnunuaji kubonyeza telekomandi. Mara chache anamfundisha kufungua kifuniko cha mbele. Ndiyo maana wengine wanakaa na mashine miaka miwili ao mitatu bila kujua kwamba ndani yake kuna kitu cha kuosha.

Vumbi la kiangazi

Katika jimbo la Haut-Katanga, mvua inakatika kuelekea mwisho wa mwezi wa nne na inarudi mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Katikati ya hapo, udongo mwekundu unakauka na kuwa unga. Kila kamyo inayopita katika avenyu isiyo na lami inanyanyua wingu linaloingia madirishani, juu ya meza, juu ya vyombo, na ndani ya klimatizeri.

Kuna jambo lingine linalofanya wakaaji wasahau. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi kabisa. Klimatizeri inapumzika miezi kadhaa, ikiwa bado na uchafu wa mwaka uliopita, na vumbi jipya linakaa juu ya lile la zamani. Siku joto linapopanda, mtu anachukua telekomandi na kuwasha. Hakuna aliyefungua kuangalia.

Hali ni hiyo hiyo Likasi na Kolwezi, ambako kamyo za migodi zinaongeza vumbi. Kalemie na Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ni miji ya chini na ya joto. Huko klimatizeri inafanya kazi karibu mwaka mzima na unyevu wa ziwa unashikamanisha vumbi na filtri. Kindu na Kisangani ni joto na unyevu pia. Goma na Bukavu, zilizo karibu mita 1,500 juu, hazina haja kubwa ya klimatizeri nyumbani, lakini mashine zinapatikana katika ofisi na katika vyumba vya kompyuta, na filtri zake zinachafuka vilevile.

Hewa ni ile ile ya chumba

Ili kuelewa sababu ambayo wavu mdogo wa plastiki unaweza kuharibu kazi ya mashine nzima, ni vizuri kujua namna mashine hiyo inavyofanya. Klimatizeri ya kawaida ya nyumbani, ile yenye vipande viwili ambayo watu wanaita split, haileti hewa ya nje ndani. Kipande cha ndani kinavuta hewa ya chumba kupitia juu, kinaipitisha katika filtri, halafu katika radiateri yenye baridi, na ventilateri inairudisha chumbani kupitia chini. Joto lililotolewa katika hewa hiyo linabebwa na gazi mpaka kipande cha nje, na kule linatupwa.

Kwa maneno mengine, mashine haitengenezi baridi. Inaondoa joto ndani na kulipeleka nje. Na hewa ndiyo inayobeba joto mpaka kwenye radiateri. Kama hewa haipiti, joto halitoki, hata kama gazi imejaa namna gani.

Filtri ina kazi ya kuzuia vumbi, nywele na nyuzi za nguo visifike kwenye radiateri. Radiateri ya ndani ina maji karibu kila wakati mashine inapofanya kazi, kwa sababu unyevu wa hewa unageuka matone juu yake, sawa vile chupa iliyotoka katika frigo inavyotoa jasho. Vumbi likifika pale linageuka matope. Filtri inaoshwa kwa dakika chache na mtu yeyote wa nyumbani. Radiateri yenye matope inahitaji fundi, pompi ya maji na kazi ya saa nzima ao zaidi.

Barafu, halafu maji ukutani

Filtri inapoziba, dalili zinafuatana. Kwanza upepo unapungua: mkono ukiwekwa mbele ya mashine unasikia baridi, lakini mwisho wa chumba hakuna kitu. Sauti ya ventilateri inabadilika. Wenye nyumba wanashusha telekomandi mpaka nyuzi 16 wakifikiri watasaidia. Hawasaidii, kompresa inazunguka tu bila kupumzika.

Halafu barafu inaingia. Kwa sababu hewa ya joto haifiki ya kutosha, radiateri inapoa kupita kiasi, inashuka chini ya nyuzi sifuri, na maji yaliyo juu yake yanaganda. Barafu inaziba nafasi ndogo iliyokuwa imebaki, na hapo mashine inatoa upepo kidogo zaidi ao hautoi kabisa.

Katika miji yetu, hapo ndipo delestaje inamaliza kazi. Umeme unakatika, barafu yote inayeyuka kwa mara moja, sahani ndogo ya chini inafurika, na maji yanateremka ukutani, juu ya televizyo ao juu ya kitanda. Wengi wanafikiri kwamba mashine imetoboka. Kumbe ni barafu iliyotokana na filtri chafu, ao ni bomba la kutolea maji lililozibwa na matope ya vumbi lile lile.

Kwa kompresa yenyewe hatari ni kubwa zaidi. Kazi yake ni kukandamiza gazi, si maji. Hewa isipopita ndani, gazi inaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji, na kompresa haikutengenezwa kwa hilo. Ikiungua, mara nyingi wenye nyumba wanaona heri kununua mashine mpya.

Umeme unaopotea

Wizara ya nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuondoa filtri iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme wa klimatizeri kwa asilimia 5 mpaka 15. Tupige hesabu kwa mfano. Mashine inayokula kilowati moja, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, inakula kilowati-saa 240 kwa siku 30. Asilimia 5 ni kilowati-saa 12. Asilimia 15 ni 36. Nyumba inayowasha ampuli kumi za wati 10 kwa saa tano kila jioni inakula nusu ya kilowati-saa kwa siku. Basi umeme huo unaopotea kwa vumbi kila mwezi ungewasha ampuli hizo zote kwa siku 24 kama ni kidogo, na siku 72 kama ni nyingi. Mwenye kompteri ya kulipia mbele anaona hasara hiyo moja kwa moja.

Hasara haibaki katika nyumba moja. Umeme wa Lubumbashi unatoka katika barazi za maji za Katanga, kama vile Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na katika laini ya Inga–Kolwezi yenye urefu wa karibu kilomita 1,700. Migodi inakula sehemu kubwa. Kinachofika katika kartie kinapitia kwenye kabine moja inayotumiwa na nyumba nyingi. Jioni ya mwezi wa kumi, klimatizeri zote zinapowashwa kwa wakati mmoja, kabine inalemewa. Ikianguka, anayekosa mwanga si mwenye klimatizeri peke yake. Ni pia mama wa parsela ya jirani ambaye hana hata ventilateri, na mwanafunzi anayesoma kwa ampuli moja.

«Gazi imekwisha»: je, ni kweli?

Gazi ya klimatizeri si kama mafuta ya gari. Haichomwi wala haitumiki mpaka kwisha. Inazunguka ndani ya bomba za shaba zilizofungwa, na katika mashine iliyowekwa vizuri inaweza kukaa miaka yote ya mashine bila kuongezwa. Kama gazi imepungua, maana yake kuna mahali inapovuja. Kuongeza gazi bila kutafuta tundu ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Tatizo ni kwamba dalili za gazi kupungua na dalili za filtri kuziba zinafanana: chumba hakipoi, na barafu inaonekana. Fundi mwenye haraka, ao asiye mwaminifu, anaweza kuona barafu na kutangaza mara moja kwamba gazi haipo. Anaongeza, analipwa, na mashine inabaki na filtri yake chafu. Mbaya zaidi, gazi ikipita kipimo inaongeza mkazo ndani ya bomba na kuchosha kompresa. Mtu analipa feza ili kuharibu mashine yake mwenyewe.

Kwa hiyo utaratibu ni rahisi. Zima mashine, acha barafu yote iyeyuke, osha filtri na uirudishe ikiwa kavu. Washa tena, subiri dakika 15 mpaka 20. Kama una kipima joto, pima hewa inayoingia juu na ile inayotoka chini: tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni dalili nzuri. Kama upepo sasa ni wenye nguvu na chumba kinapoa, hukuwa na tatizo la gazi. Kama upepo ni wenye nguvu lakini hauna baridi, ao ukiona barafu kwenye bomba nyembamba ya nje na alama za mafuta kwenye viungo vya bomba, basi ita fundi.

Akifika, unaweza kumuuliza maswali manne bila kumvunjia heshima. Fundi mzuri ataona kwamba anafanya kazi kwa mtu anayejua. Umeangalia filtri na radiateri? Gazi inavuja wapi? Maji ya sabuni yaliyopakwa kwenye viungo yanatoa mapovu mahali penye tundu. Una pompi ya kuondoa hewa na unyevu ndani ya bomba kabla ya kujaza? Na una mizani? Kwenye kibandiko cha kipande cha nje kumeandikwa aina ya gazi na uzito wake kwa gramu. R22, R410A na R32 hazibadilishani wala hazichanganywi.

Hapa kuna jambo la usalama. R32, inayopatikana katika mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto. Na fundi anayetaka kupima kama bomba zinavuja anapaswa kutumia azoti. Ukimwona anakuja na chupa ya oksijeni ya wachomeleaji kwa kazi hiyo, msimamishe: oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa mkazo mkubwa inaweza kulipuka.

Gazi inayoachwa hewani haipotei bila madhara. Kilo moja ya R410A inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya gazi ya kaboni inayotoka katika mafuta na makala. Ni kwa sababu ya gazi za namna hiyo nchi zilikutana katika mji jirani wa Kigali na kukubaliana, tarehe 15 mwezi wa kumi 2016, kuzipunguza hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yalianza kufanya kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2019.

Namna ya kuosha

Kazi yenyewe haihitaji ufundi. Inahitaji beseni, sabuni kidogo, brosi laini na kitambaa.

Zima kwanza kwa telekomandi, kisha shusha disjonkteri ao chomoa priza. Usitegemee telekomandi peke yake, na usitegemee delestaje: umeme unaweza kurudi wakati mikono yako iko ndani. Panda juu ya kitu imara. Kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda si ngazi. Funika kitanda ao viti vilivyo chini.

Shika kifuniko cha mbele pande zote mbili na ukinyanyue pole pole mpaka kikae juu chenyewe. Utaona filtri moja ao mbili mbele ya radiateri. Sukuma kidogo juu, kisha vuta chini kuelekea kwako; inatoka bila turnevisi. Kama ni mbili, kumbuka ya kushoto na ya kulia. Kama kuna kipande kidogo cheusi ao cha rangi nyingine kilichobandikwa juu yake, kitoe: vingine vya makaa havioshwi, vinabadilishwa tu.

Peleka filtri nje kabla ya kuipukuta, na ufunge kitambaa puani, zaidi sana kama una pumu. Pitisha maji kutoka upande wa nyuma, ule unaoangalia radiateri, ili vumbi litoke kwa njia lililoingilia. Ukimwaga maji upande wa mbele unalisukuma ndani ya matundu. Kama uchafu una mafuta ya jikoni, loweka dakika kumi katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha sugua kwa brosi laini ya meno. Kwa nyumba ambayo maji ya bomba hayafiki kila siku, ndoo moja inatosha filtri mbili, na maji yake yanaweza kumwagwa uwanjani ili kutuliza vumbi.

Suuza, kung'uta, halafu kausha kivulini. Jua kali la mwezi wa tisa linapinda plastiki, na filtri iliyopinda haikai tena vizuri. Usiirudishe ikiwa na maji. Unyevu na vumbi ndivyo vinavyoleta ile harufu ya kuvu ambayo wengine wanajaribu kufunika kwa marashi.

Wakati filtri inakauka, chukua torshi na uangalie radiateri. Kama mabati yake membamba yanang'aa, ni sawa. Kama yamefunikwa na tabaka la kijivu, pitisha brosi laini kavu kutoka juu kwenda chini, polepole, kwa sababu yanapinda haraka na yanakata vidole. Kama ni matope yaliyoshikamana, hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

La kwanza ni kuondoa filtri kabisa «ili upepo upite vizuri». Upepo utapita kwa wiki chache, halafu radiateri itageuka matope.

La pili ni kufunika filtri kwa kitambaa ao kwa soksi nyembamba ili kuzuia vumbi zaidi. Ni kuiziba kwa mikono yako.

La tatu ni kutumia maji ya moto, javel, mafuta ya taa ao brosi ya chuma. Filtri inapinda, inachanika, ao inaleta harufu kali chumbani. Maji yasipite nyuzi 40. Mkono ukivumilia bila shida, ni sawa.

La nne ni kunyunyiza maji ndani ya mashine kwa ndoo ao kwa karsheri bila kufunika sehemu ya umeme. Upande mmoja wa kipande cha ndani kuna kadi ya elektroniki. Ikilowa, mashine inakufa.

Mara ngapi?

Wakati wa kiangazi, kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, osha kila wiki mbili, na uangalie kila wiki. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha. Nyumba yenye mbwa, jiko lililo karibu na saloni, ao watu wengi, ifuate utaratibu wa kiangazi mwaka mzima. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza baada ya miezi ya baridi, fungua kwanza. Wengine wanaandika tarehe kwa biki juu ya kipande cha skochi na kukibandika pembeni ya mashine; ni njia nzuri, zaidi sana pale ambapo watu kadhaa wanatumia chumba kimoja.

Kipande cha nje nacho kinapumua. Kikifunikwa na vumbi, majani ao nguo zilizoanikwa, joto halitoki. Mara mbili kwa mwaka, umeme ukiwa umekatwa, mwagilia radiateri yake maji ya kawaida bila nguvu nyingi. Usifungue kifuniko chake: ndani kuna kondensateri inayoweza kupiga mtu umeme hata baada ya disjonkteri kushushwa. Angalia pia kama bomba la maji linatoa matone. Kama siku ya joto halitoi hata tone, huenda limezibwa.

Na kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka, usiwashe klimatizeri mara tu umeme unaporudi. Subiri dakika chache ili mkazo wa gazi ujisawazishe na umeme utulie. Stabilizateri nzuri inasaidia kulinda kompresa, lakini haiwezi kuilinda na filtri chafu.

Kwa maduka ya dawa, jambo hili linapita starehe. Dawa nyingi zimeandikwa kwamba zisikae juu ya nyuzi 25 ao 30. Katika mji kama Kalemie ao Uvira, klimatizeri iliyoziba inaweza kuonyesha 22 kwenye telekomandi wakati hewa ya karibu na rafu ni ya joto kuliko hiyo. Telekomandi inaonyesha unachoomba, si unachopata. Kipima joto kidogo kilichotundikwa kwenye rafu kinasema ukweli.

Kile ambacho filtri haiwezi

Filtri ya kawaida ni wavu. Inazuia vumbi kubwa na nywele. Haizuii moshi wala vumbi laini kabisa, lile linaloingia mpaka ndani ya mapafu. Mgonjwa wa pumu atapata nafuu katika chumba chenye filtri safi kuliko chafu, lakini asifikiri kwamba amelindwa na kila kitu.

Tena, kwa kuwa hewa ni ile ile inayozunguka, chumba kinahitaji kufunguliwa dirisha kila siku, asubuhi kabla ya vumbi la magari kuanza. Usilale na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, na usiweke grupu chini ya dirisha ao karibu na mlango. Moshi wa grupu na wa makala una gazi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na hakuna filtri ya klimatizeri inayoizuia.

Wenye klimatizeri ambao hawajawahi kufungua kifuniko cha mbele wanaweza kuanza leo, kabla ya joto kufika kileleni. Kama filtri imegeuka rangi ya udongo na mwanga haupiti, jibu limekwisha kupatikana. Fundi anaweza kungoja. Ndoo na sabuni ndizo za kwanza.